Viatu vya Muthoka

Jumatatu, 2 Juni 2025

Leo nimeuliza! Nimemuuliza Mama Kilonzo, msimamizi wetu, kwa nini viatu vya wakazi wa makao haya vinafungiwa stoo, nao washinde kwa patipati, ndara za mpira. Akasema mtu wa patipati hafiki mbali. Basi, mazungumzo yakaisha. Kumbe kabla sijaajiriwa hapa Kalama, mmoja alitoka akapotea, akapatikana jioni upande wa Kathiani, nyayo zimechubuka. Naelewa. Lakini hawa ni watu wazima jamani! Akili yao ni ya polepole, sawa. Muthoka, mmoja wa wakazi, ana ndevu zenye mvi nyingi kuliko za baba yangu.

Na Muthoka ana lake. Nzomo, askari wetu wa geti, ndiye hunyoa kila mtu: mashine moja, benchi moja, wote kipara. Nywele za Muthoka zimeota tena, naye amechoka na kipara. Anataka kinyozi wa sokoni, na anataka kwenda mwenyewe. Amenishika mkono: “Ndanu, kichwa ni yangu.”

Nimjibu nini?

Jumatano, 4 Juni

Amekubali!!! Yaani nusu. Mama Kilonzo anasema nimfundishe njia kwanza, hayo mengine tutaona. Nimecheza jikoni na mwiko mkononi!

Tumeenda mpaka sokoni na kurudi, Muthoka mbele, mimi nyuma. Kwenye bampu, pale pa kuvukia barabara, anasimama. Kulia, kushoto, kulia tena. Anasalimia kila mtu, hata mbuzi. Mimi macho yote kwake – nikaingia barabarani bila kuangalia, bodaboda hiyo! Muthoka akanivuta kwa sweta. Kisha akanigombeza njia nzima, ati sijui kuvuka. Nimecheka hadi mbavu zikauma.

Alhamisi, 5 Juni

Manyunyu na baridi. Hakuna kutoka. Muthoka ameketi mlangoni pa stoo asubuhi yote. Nzomo amenivuta kando, akaniambia siku mtu akipotea, ni mimi nitakayemweleza dada yake Muthoka, si mwingine. Imeniuma, kwa sababu ni kweli.

Jumamosi, 7 Juni

Leo! Peke yake!

Mama Kilonzo ameenda mjini Machakos asubuhi, akaniachia funguo, akasema nitumie akili. Nimeitumia! Nimefungua stoo. Muthoka amefunga kamba za viatu mwenyewe, fundo mara mbili. Nikamwambia akikuta foleni, angoje zamu yake. Akaenda, hakugeuka hata mara moja.

Lakini foleni! Jumamosi! Nusu ya Kalama hunyolewa leo, mimi hilo sikuliwaza kabisa. Chakula cha mchana kikaiva, Muthoka hayupo. Muthokoi wake, mahindi yaliyokobolewa, ukapoa, hayupo. Halafu nani anaingia getini? Mama Kilonzo, mapema hivyo. Akauliza Muthoka yuko wapi. Nikamwambia. Hakufoka – afadhali angefoka. Aliketi tu kwenye benchi na mkoba wake.

Ndipo Nzomo akapiga kelele getini: “Anakuja! Asi! Anakuja!”

Na nywele zake zote! Amenyoa ndevu tu, na mstari hapo kwa paji, umenyooka kabisa. Ameenda mpaka kwa kinyozi ili aachiwe nywele! Anasema amengoja na wanaume wenzake, na wamemwita mzee. Nimeruka, nimepiga vigelegele, sijali.

Hata Mama Kilonzo amecheka, nimemwona. Halafu akanyoosha mkono: haya, viatu virudi stoo.

Muthoka ameketi. Amelegeza kamba moja. Ameifunga tena, fundo mara mbili.

Naandika hapa dirishani jikoni. Mama Kilonzo bado amesimama, funguo mkononi. Muthoka anamwuliza, kwa upole tu:

“Na wewe Mama, viatu yako unawekanga wapi?”

Mama Kilonzo anaangalia miguu yake mwenyewe, na viatu alivyovaa.