Fidia ya Mkono wa Kulia

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto, na kwamba kikohozi cha mama kimempa nafasi ya kulala. Sisi hatujambo. Usishangae mwandiko umepinda kama njia ya mlevi. Mkono wa kushoto unajifunza kazi ukubwani.

Uliniuliza nimeamua nini kuhusu fidia. Wakili alinieleza taratibu. Naweza kuchukua hela zote kwa mkupuo, madai yafungwe, na kidonda kikigeuka baadaye ni shauri yangu. Au nilipwe kila mwezi, na matibabu yaendelee kwa gharama ya kampuni. Au nikatae yote, tukasikilizwe mbele ya baraza la usuluhishi. Mume wangu alitaka mkupuo, maana kodi ya nyumba imetukaba. Nikakubali.

Ila kuna jambo sikukwambia. Mkono uliokatwa haukutulia. Kila asubuhi, kule dobini nilikokuwa nafanya kazi wakiwasha mashine ya kunyooshea mashuka, ile iliyoninasa, vidole nisivyo navyo vilipata joto, nami niko jikoni kwangu nachambua mboga. Daktari alisema ni mishipa inayokumbuka.

Siku ya kusaini tuliketi katika ofisi iliyo juu ya chumba cha mashine. Afisa wa kampuni, mpole kweli, alinisogezea kalamu akasema nikishasaini nisiizungumzie tena mashine ile, wala kinga yake waliyoing'oa ili kazi iende haraka. Nilipoishika kalamu tu, vidole vyangu vya kulia vikakamatwa. Vilivyonishika vilikuwa vidole vya mtu mwingine, vibichi kwa maji, vinanibana. Nikapiga kelele, "Zimeni mashine! Mtu amenaswa!" Nikashuka ngazi mbio, wakili nyuma yangu.

Mama mmoja aliyechukua nafasi yangu kazini alikuwa amenaswa na rola ya mashine ile. Fundi akazima. Aliungua kucha tu.

Juzi alikuja kunitembelea. Alisema rola ilipoanza kumvuta, mkono mwingine ulimshika kutoka humo ndani, ukawa unamsukuma nje mpaka mashine ikazimwa. Akanieleza kidole cha mwisho cha mkono ule kilivyopinda. Dada, wewe ndiye uliyenibana kidole kile kwa mlango tukiwa wadogo. Yeye hakuwahi kuniona kabla ya siku ile.

Basi mkupuo nimeukataa. Tunakwenda barazani, na mama yule atatoa ushahidi. Mkaguzi ameshaifunga mashine. Mume wangu amenuna, lakini kila asubuhi ananifunga vifungo vya blauzi bila kuambiwa.

Joto limekwisha. Ila vidole bado vimekaza, dada, tangu siku ile havijafunguka. Mama yule alishaachiwa. Sijui sasa vimemshika nani.

Barua hii usimsomee mama. Mwambie tu nakula vizuri na nimenenepa. Shemeji nampa salamu zake, na wanao nawabusu wote.

Mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba