Pikapu Zisizokufa

Jumatatu, 3 Machi
Ripoti ya mwezi tena. Pikapu za kazi ngumu zilizouzwa Eldoret nzima, sisi na washindani wetu watatu. Wachina mbele. Wahindi wanafuata. Sisi namba tatu, na wa nne alishafunga duka, kwa hivyo tatu yetu ni mkia.

Meneja anasema safari hii makao makuu Nairobi wanataka sababu, si hesabu tu. Wanataka pia kupunguza watu. Najua watamwangalia nani. Mzee Njoroge, fundi wa gereji yetu hapo nyuma, miaka kumi na tisa. Nilipokuja kuuza magari hapa sikujua hata kufungua boneti. Yeye ndiye alinifundisha. Nimekasirika siku nzima.

Alhamisi, 6 Machi
Kapseret asubuhi na mapema, kwa kituo cha kupoza maziwa. Kila muuzaji wa magari hapa anajua: usimuulize mkulima anapenda gari gani, atakudanganya kwa heshima. Simama pale pikapu zinashusha mitungi, uhesabu.

Nimehesabu mpaka saa tatu. Zetu ndizo nyingi kabisa. Nimefurahi. Halafu nikaangalia namba za usajili. KA, KB, KA tena. Za zamani zote. Zile mpya ni za washindani.

Mama mmoja alipiga yake kofi mlangoni. "Hii? Njoroge akiwa hai, hii haifi." Wote wakacheka.

Ijumaa, 7 Machi
Sababu ndiyo hiyo. Wateja wetu hawarudi kununua kwa sababu za zamani hazifi. Hazifi kwa sababu Mzee anazitengeneza mpaka zinasahau umri. Kijana anayenunua ya kwanza anaenda kwa Wachina, bei yao nafuu. Lakini hawana fundi kama huyu.

Nimeandika hayo yote. Kurasa mbili. Nimesema gereji ndiyo inatuwekea jina, tusiiguse. Nimemtaja Mzee mara tatu. Nimetuma. Wacha wajue huyo mtu ni nani.

Jumatano, 12 Machi
Nairobi kimya. Mzee ameniletea viazi vya shamba lake, mfuko mzima. Sijamwambia nilichoandika. Nataka asikie sifa kutoka kwa wakubwa wenyewe.

Jumanne, 18 Machi
Gereji inafungwa mwisho wa mwezi.

Meneja alinisomea barua kwa sauti ya chini. Wameweka maneno yangu mle ndani jinsi nilivyoyaandika. Za zamani hazifi. Halafu wakaongeza yao: fundi akiondoka zitakufa, na mkulima atanunua mpya. Wamenishukuru kwa uchunguzi mzuri.

Ni mimi. Nimemfukuza mimi.

Jumatano, 19 Machi
Sikuenda kazini. Nimesingizia tumbo.

Jumamosi, 22 Machi
Nimeenda Yamumbi, nyumbani kwa Mzee. Nilijiambia nitasema nikiwa mlangoni. Wapi. Nilikaa, nikanywa chai ya mke wake, Mama Wambui, nikaongezwa. Ndipo nikasema. Mama Wambui aliondoa kikombe changu kabla sijakimaliza. Simlaumu.

Mzee aliweka kikombe chake chini. Kisha akauliza, "Chebet, uliandika ukweli?"

Nikasema ndiyo.

"Basi."

Hiyo tu. Afadhali angenitukana. Shukrani ya punda ni mateke, na leo punda ni mimi. Na bado akanisindikiza mpaka barabarani, akangoja nipate boda. Nimelia njia yote. Mwenye boda alijifanya hasikii.

Jumatatu, 31 Machi
Siku yake ya mwisho. Amefagia gereji mwenyewe. Nilitaka kumsaidia, akasema niende kwa wateja. Hakukuwa na mteja. Hatafungua gereji nyingine. Wanauza kiploti cha Yamumbi, wanarudi Nyeri kwa ndugu yake. Anasema Eldoret imemtosha. Watu wa ofisini tulimnunulia keki. Keki. Yangu niliiacha mezani.

Ijumaa, 11 Aprili
Mvua asubuhi. Mwalimu mmoja mstaafu wa Kesses amefika, pikapu yake ikivutwa na trekta. Ameuliza Njoroge yuko wapi. Nikamwambia. Alienda nyuma kuangalia mwenyewe, akarudi, akasimama tu pale.

Nilimpa kiti na chai. Nikamwonyesha mpya. Aliizunguka mara mbili, akapiga magurudumu teke. Akaniuliza hii ikiharibika atampelekea nani. Nikasema itachukua miaka kuharibika. Alisaini saa tisa. Ya zamani ameiacha hapa, iuzwe kama chuma.

Jioni Nairobi wamepiga simu kunipongeza. Nimesema asante.