Matanga Yangu Mwenyewe

Mitwero, Lindi, 9 Oktoba 1951. Mwaka wa sita tangu niondoke.

Mama Salima,

Nakusalimu sana, wewe na wajukuu. Mimi mzima, ila goti la kushoto limestaafu kabla yangu.

Juzi, baada ya ugali wa mchana, nilijinyoosha kivulini nikapitiwa na usingizi. Kuamka, nimefunikwa gunia mpaka kichwani, na mtani wangu, Mngoni ninayekata naye mkonge, analia juu yangu: "Mmatumbi wetu katutoka. Nani atarithi kikombe chake cha bati?" Wenzetu wakaitikia kwa kilio. Nikatulia, nisikie nitasifiwaje.

"Kila mwaka marehemu alisema anarudi kwa mkewe," akaendelea. "Leo kweli kaondoka, lakini kapotea njia."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka ndani ya gunia, kisha kicheko kikanikauka.

Nikaketi. "Mngoni, kikombe chukua," nikamwambia. "Marehemu anakwenda kwao."

Nyapara nimeshamuaga. Akaniuliza nitafanya kazi gani huko. Nikamjibu, kukaa na mke wangu.

Mungu akutunze, na unitunzie kiti changu cha barazani. Nafika kabla ya mvua za kwanza.

Mumeo,
Baba Salima