Weka Meza Yako Chumbani Mwangu

Ghorofa ya pili, juu ya duka la fundi cherehani,
Nyuma ya maktaba ya chuo.
Jumapili, 9 Novemba 2014, mwaka wa thelathini na nane tangu niondoke.

Mpendwa mpwa wangu,

Salamu nyingi, na kabla ya jambo lolote nataka kujua hali zenu. Presha ya mama yako ikoje, na je, ameacha kujiongezea chumvi pale anapodhani hamumwoni? Mumeo amerudi salama na lori lake? Na wale mapacha, bado wanabadilishana viatu ili kumchanganya mwalimu?

Mimi sijambo kwa umri wangu. Goti la kushoto limejifanya mtabiri wa mvua, lakini linakosea kuliko hata redio. Macho bado yanasoma, na hilo nalishukuru kuliko yote.

Barua yako ilinifikia mwishoni mwa mwezi uliopita. Niliisomea ngazini, nikashindwa kungoja nifike juu. Nilipofika pale unaposema chuo kimekukubali kusomea shahada ya uzamivu katika ustawi wa jamii, nilipaza sauti, na fundi cherehani jirani yangu akatoa kichwa dukani kuuliza nani amekufa. Nikamwambia hakufa mtu, mpwa wangu anakwenda kuwa daktari. “Afadhali,” akasema. “Mwambie nina jipu.”

Jizoeze, mwanangu. Watu watakuletea majipu mpaka ustaafu. Unasema mkuu wako wa ofisi amekwisha kukuita daktari asiye na sindano, na mama yako anauliza kama kugawa mablanketi nako sasa kunahitaji miaka minne ya darasani. Cheka nao, kisha ufanye unalolitaka.

Sasa chumba. Unasema huwezi kusoma katika nyumba yenye mapacha, redio ya mama yako, na wateja wa mayai wanaobisha hodi kutwa. Chuo kinataka jibu kabla mwezi huu haujaisha, na bila mahali pa kukaa na vitabu utawaandikia kwamba hapana. Chumba kitupu ni kimoja tu, kile changu cha nyuma chenye dirisha la mbao. Mama yako anakifagia kila Ijumaa, anaanika godoro, anafunga tena. Ulipogusia meza alikujibu, “Na kaka akija leo jioni, alale mezani?” Ndipo ukaniandikia, uweke meza humo kwa kunishikia nafasi tu, na siku nikirudi utaiondoa bila neno.

Nilikaa na ombi hilo bila kujua nijibu nini. Kila mwaka nimekuwa nikiwaandikia kwamba nitarudi mwaka ujao, na kila nilipoandika niliamini. Kukuambia weka meza ni kumwambia dada yangu aache kufagia. Kukuambia subiri ni kukunyima masomo. Nikaiweka barua yako chini ya kamusi, nikaendelea kunywa chai.

Ngoja nikueleze kilichonipa jibu. Unajua nilivyoishi huku: nilijalidi vitabu katika chumba cha chini cha maktaba mpaka nikastaafu. Kila tasnifu ya uzamivu ilipita mikononi mwangu. Iliingia ikiwa karatasi zisizoshonwa, ikatoka na mgongo mgumu na jina la mwenyewe kwa herufi za dhahabu. Na kwa kuwa gundi haina haraka, nilizisoma wakati zikikauka. Nimesoma za madaraja, za minyoo, za sheria za ardhi. Za watu wa fani yako nilizitambua hata bila kutazama jalada. Ndani mna kikongwe anayeitwa Mhojiwa wa Saba na mtoto anayeitwa Kesi ya Tatu. Wanasema maneno mawili matatu, kisha mwandishi anazungumza mpaka mwisho wa sura. Nilikuwa najiuliza, huyu Mhojiwa wa Saba akisomewa haya, atajijua kwamba ni yeye?

Mwaka huu nimekuwa mhojiwa mwenyewe.

Yuko mama mmoja, afisa ustawi wa siku nyingi, anayesomea shahada hiyohiyo unayoitaka wewe. Anaandika kuhusu sisi wazee tuliokimbilia nchi hii, na jinsi ofisi za ustawi zinavyotuamulia mambo zikidhani tupo kwa muda tu. Tunamwita Mama Kinasa, kwa kile kinasa sauti anachokilaza mezani kwa upole kama mtu anayelaza mtoto mchanga.

Mama Kinasa ana utaratibu wake. Akishakuhoji huenda kuyaandika maneno yako yote kama yalivyo, kisha anarudi, anakaa kitini, anakusomea tangu mwanzo. Usilolitaka analifuta mbele yako. Msimamizi wake chuoni hakulipenda jambo hilo. Alimwambia wazee watafuta yote yenye maana, abaki na salamu tupu. Naye akamjibu, kama alivyonisimulia mwenyewe, “Miaka yote niliyokaa ofisini nimeandika watu kwenye mafaili, na sijawahi kumsomea hata mmoja nilichomwandika. Hilo ndilo lililonileta shule. Leo unanituma nikalirudie?”  Msimamizi akamwongezea sura nzima ya kujieleza, maana wasomi ndivyo wanavyokubali.

Fundi cherehani alisomewa kabla yangu, nami nilikuwapo. Alifuta kitu kimoja tu, umri wake.

“Ondoa hapo, mama. Kuna mtu namposa.”

“Lakini mzee, kitabu kitakaa maktaba. Hatakiona.”

“Humjui huyo. Anasoma mpaka karatasi ya kufungia sukari.”

Tukacheka hadi wapita njia wakachungulia.

Zamu yangu ilikuwa Alhamisi iliyofuata, barua yako ikiwa bado chini ya kamusi. Miezi kadhaa nyuma alikuwa ameniuliza, “Mzee, asubuhi ya kwanza ukisharudi kwenu itakuwaje? Nisimulie.” Nakumbuka nilifumba macho, nikasimulia kwa raha kabisa. Sasa akanirudishia. Nitaamka kabla ya jua katika chumba cha nyuma, nifungue dirisha la mbao. Nitamsikia dada yangu akikohoa uani. Nitakunywa kikombe kimoja, nishike fimbo yangu, nitoke taratibu. Nitakwenda kumsalimia mke wangu, niyamwagie maji maua yake, niketi naye kidogo, ndipo nirudi kupata kifungua kinywa na dada.

Mama Kinasa alisoma bila kuinua uso. Nikamwambia, “Rudia hapo.” Akarudia.

Mkazamjomba wako, ambaye ninyi mnamjua kwa picha tu, amezikwa huku. Ni mwendo mfupi kutoka mlangoni pangu, nyuma ya ukuta wa matofali wenye lango la kijani. Nimekwenda kila asubuhi tangu aliponiacha, na siku goti likikataa fundi cherehani hunishika mkono. Katika asubuhi yangu hiyo ya kurudi nilikuwa nimetoka kwa mama yako, nikafika kaburini kwa miguu, nikarudi uani kwenu kabla jua halijawa kali. Sikuona mpaka wa nchi wala safari ya siku mbili. Niliyapanga maisha yangu yote mawili katika mtaa mmoja, na mdomo wangu haukusita hata kidogo.

“Naweza kulifuta, mzee,” Mama Kinasa akasema. “Ni haki yako. Hata lote.”

“Wewe ulipolisikia mara ya kwanza, ulitambua?”

“Nilitambua.”

“Mbona hukuniambia?”

“Haikuwa yangu kukuambia. Yangu ni kukurudishia.”

Nilisimama dirishani kwa muda. Hakukohoa, hakupekua karatasi, hakuniambia pole. Nikamwambia aliache lilivyo. Akashukuru, akafunga mkoba wake, akashuka ngazi. Chini nikamsikia fundi akimuuliza kama na mimi nimefuta umri.

Uliniuliza, mwanangu, kama masomo hayo yana faida kwa mtu ambaye kazi anaijua tayari. Sijui vyuo vinajibu vipi. Mimi faida yake niliiona ikiwa imeketi kwenye kiti changu. Ungeniuliza wewe swali lile, au mama yako, ningewajibu lile mnalopenda kusikia, nanyi mngefurahi, nami ningeliamini mwenyewe. Mama Kinasa ameelimika kiasi cha kuuliza, kungoja, na kutonijibia. Usidhani ni jambo dogo. Nimewaona maafisa wengi wa ustawi tangu nifike huku, watu wema, walionijazia jibu kabla sijameza mate.

Kwa hiyo kiandikie chuo leo kwamba unakwenda. Na huko, ukimwandika mtu, rudi ukamsomee, hata msimamizi akikuongezea sura tatu.

Weka meza yako chumbani mwangu. Usiiweke chini ya dirisha moja kwa moja, pale paa lilikuwa likivuja upande wa kulia, na sidhani kama limejiponya. Kitanda wape mapacha. Sanduku la bati lifungue. Mashati yaliyomo yatakuwa ya mende sasa, yatupe, lakini kuna kamusi yangu ya shule ambayo ukiikuta nzima ni yako. Usiweke kitu chochote humo kwa kunishikia. Kiweke kwa kukaa.

Mama yako usimfiche. Msomee barua hii, taratibu, tangu salamu. Akikwambia unyamaze, nyamaza, umngoje. Akilia usimwambie kwamba labda mjomba atabadili nia. Na akitaka kuendelea kufagia kila Ijumaa, mwache afagie. Chumba cha mwanafunzi kina vumbi kuliko changu.

Nisalimie mumeo, na umwambie apunguze mwendo kwenye mteremko. Nisalimie mapacha, kila mmoja kwa viatu vyake. Nisalimie binamu yetu kinyozi, na yule bibi wa nyumba ya pili kama bado anawafokea mbuzi. Fundi cherehani naye anawasalimu, ingawa hamjamwona. Mungu akupe kichwa chepesi, mgongo usiochoka kitini, na watu watakaokuamini kwa maneno yao.

Sehemu hii ya mwisho ni ya dada yangu, nimeiandika kwa mkono wa polepole ili aisome mwenyewe. Dada, nimekaa huku miaka mingi kuliko niliyokaa kwetu. Mke wangu yuko huku, na asubuhi zangu ziko naye. Nawapenda, wala sijawachoka. Sitarudi.

Mjomba wako, na kaka wa mama yako, awapendaye siku zote.