Gia ya Pili ya Mzee Eliufoo

Dada Hellen, nakuandikia mikono ikinuka oili, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, na tafadhali jina la mzee usilitaje hewani kwa sababu husikiliza kipindi chako kila asubuhi akinywa chai.

Mimi ni Yunusu, fundi wa giaboksi hapa Soweto, Moshi. Mzee Eliufoo wa Kidia kule juu mlimani ana gari la spoti la viti viwili, la mwaka sitini na nne, analipenda kuliko kahawa yake, akaniletea gia ya pili imevunjika meno, nikatafuta nyingine ya namna ile miezi mitatu nikakosa, nikapata seti iliyotolewa kwenye gari la mashindano, ikaingia bila shida, nikafunga nikanyamaza, maana alishasema hataki kitu cha kigeni ndani ya gari lile. Siku ya kulichukua akaniuliza mbele ya mafundi wenzangu.

"Yunusu, gia ni zilezile?"

"Zilezile, mzee."

Akanishika mkono, akawaambia wenzangu kwamba fundi ndiye huyu. Kumbe kwa gia yake ya asili injini ilizunguka mara mbili na zaidi ndipo shafti ya kwenda magurudumuni izunguke mara moja, kwa hiyo ilishika gari kwenye mteremko, na hii yangu ni mara moja na nusu tu, inakimbia vizuri tambarare lakini ukishuka injini haizuii kitu, kazi yote inabaki kwa breki, na breki zenyewe ni za zamani, na gia ya kwanza ya gari lile haiingii mpaka lisimame. Nililijaribu barabara ya Bomang'ombe, Dada, hakuna mteremko wa maana, nikajisifu.

Juzi kanipigia. Anasema alishuka mpaka kona ya kanisa, gari likawa linamsukuma, breki zikanuka kuungua. Nikasubiri anitukane. Akasema, "Mwanangu, nadhani mguu wangu umezeeka, sijui tena kukanyaga."

Nikakaa kimya. Jumamosi anamshusha binti yake Magreth mjini kufunga ndoa, wawili tu ndani ya gari lile. Mke wangu Adija anasema nipeleke jani la sale, kwa Wachagga anayeletewa sale hawezi kukataa kusamehe. Naona aibu, na sijui nianzeje.

Fundi, Soweto

JIBU

Yunusu, nimekuonea huruma mpaka pale uliposema ulikaa kimya. Hapo nimekukasirikia. Mzee wa watu anajilaumu mguu, na wewe unajua ni gia, unamwacha aamini amechakaa? Kukosa kipuri si dhambi. Ungemwambia siku ileile, angenuna wiki moja kisha akazoea.

Nisikilize. Usianze na maelezo ya meno na shafti. Panda Kidia leo hii, umwamkie, kisha sema hivi: "Mzee, nilikudanganya, naomba ufunguo." Ukishautia mfukoni ndipo utoe sale, si kabla, maana sale inatuliza moyo wa mtu, haizuii gari kwenye kona. Magreth aende kanisani na gari lolote lenye breki nzima. Hilo la spoti lishushwe limebebwa juu ya lori, utafute gia yenye hesabu yake ya asili hata ikichukua mwaka, na mafundi waliokusikia ukisifiwa uwaambie wewe mwenyewe.

Uliniomba nisilitaje jina la mzee. Nimelisoma hewani, na barua yako yote nimeisoma, kwa sababu nikiificha mimi na ukiificha wewe, atakayejua wa kwanza ni Magreth akiwa kwenye kona. Nichukie ukitaka.

Na wewe Mzee Eliufoo, shikamoo. Kama redio iko wazi hapo Kidia, weka kikombe chini kidogo. Gari usiliwashe, fundi wako yuko njiani. Na mguu wako, baba, hauna kosa lolote.