Kamba ya Baba na Shamba la Mama Nestori

Sibwesa, mvua bado

Mdogo wangu Maganga,

Kama mgongo bado unakuuma na mbuzi bado wanakushinda mbio, basi najua u mzima. Na nyumba yote je, wanakula, wanalala? Mimi nipo. Meno yamebaki manne lakini yanashirikiana. Habari kubwa ni kwamba huku mimi ndiye mkulima bora, watu wanatoka mbali kuja kuangalia shamba langu.

Kuja walikuja. Hilo la ubora ni uongo, na ndilo limenifanya nikuandikie.

Mwaka juzi bwana shamba alituita, akasema tuache kumwaga mahindi ovyo, tupande kwa kamba, mstari na mstari. Akataka mtu mmoja ajitolee: nusu shamba apande hivyo, nusu amwage kama zamani, wenzake walinganishe. Wote wakatazama vidole vya miguu. Nikanyoosha mkono. Nilitaka kamba yake nifungie ndama, basi.

Jirani yangu Mama Nestori, mjane ambaye wazazi wake walimleta toka Burundi akiwa mgongoni, akaniambia, "Mzee Lubinza, mimi sina ng'ombe wa kuuza. Nikikosea msimu mmoja, watoto hawali. Nitangoja nione kwako."

"Ngoja tu, mama. Mahindi si askari, hayapigi gwaride."

Sasa sikia ujinga wangu. Ile nusu ya kumwaga niliishindilia samadi ya zizini, mkokoteni ukajaa mara tatu. Mistari sikuipa hata kijiko. Nilitaka tu kumcheka yule bwana shamba kijana na kofia yake. Ya kumwaga yakatoka meusi kwa afya, ya mistari yakawa ya njano kama mgonjwa wa homa. Bwana shamba akakuna kichwa.

"Mzee, umefanya nini?"

"Nimefuata kamba yako, baba."

Watu wakacheka, mimi nikawazidi.

Mwaka jana Mama Nestori akamwaga mbegu yake yote. Samadi hana. Mahindi yakasongamana, yakagombea maji, akavuna vigunzi kama vidole. Mimi mwaka huohuo nilipanda mistari michache nyuma ya nyumba, nikaitilia samadi, nione. Ilizaa kuliko shamba lote. Nikanyamaza. Yeye sasa anapanda milima ya Mwese kulima vibarua, analipwa mihogo.

Juzi akaja kwangu. Nikajua amegundua. Kumbe wapi.

"Mzee, labda mimi sikumwaga vizuri. Msimu huu njoo unionyeshe mkono wako."

Maganga, mimi huyu mwenye mdomo! Nikasingizia kikohozi, nikakohoa kama mbuzi mpaka akanihurumia, akaenda kuniletea maji.

Nimeamua kumwambia, kisha nimpelekee samadi na kumpandia mistari kwa mikono yangu. Akinitukana, sawa. Lakini kwenda kutubu mikono mitupu siwezi, na kamba ya bwana shamba ndama ameshaitafuna.

Msalimie shemeji na ugali wake mgumu, na dada yetu mkubwa ambaye hajanisamehe habari ya jogoo. Mwambie simlaumu, yule jogoo nilimla kweli.

Ile kamba ndefu ya katani aliyoisokota baba, nilikuazima siku ninahama, ukasema utaileta kesho. Kesho imefika. Mpe yeyote anayeswaga ng'ombe kuja huku, kabla mvua haijashuka. Ukisema imepotea, tafuta tena.

Mimi kaka yako,
Lubinza