Msichana Niliyekupa Zawadi

Ngome ya San Telmo,
Nueva Vizcaya,
9 Novemba 1791.

Mpendwa dada Petronila,

Shikamoo, dada yangu. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya Durango? Na Shemeji Anselmo, bado anagombana na magoti yake? Sisi huku tu wazima. Mahindi yamekubali mwaka huu, mke wangu Nicolasa amepona homa, na mimi bado nina meno ya kutosha kubishana.

Ila safari hii sina wa kubishana naye isipokuwa nafsi yangu. Nakuandikia juu ya Gertrudis, yule msichana wa Kiapache niliyekuletea miaka minne iliyopita, akiwa na miaka mitano hivi. Nilikwambia ni yatima. Nilikudanganya, dada.

Unaukumbuka waraka wangu kwa Gavana, ule uliowasomea wageni wako kwa fahari? Niliandika kwamba Waapache hawana uchungu na watoto wao, na kwamba kuwapelekea jeshi ni kuwahurumia watoto hao. Gavana akakubali, nami nikatandika farasi nikafuatana na askari. Tuliwavamia milimani alfajiri. Wanaume wao walikuwa wamekwenda kuwinda. Wanawake walikuwa wakifukua mkonge pori waliouchoma shimoni kwa chakula. Tulirudi na jozi kumi na moja za masikio kwenye kamba, ndio ushahidi wa ushindi. Sikio halisemi limetoka kwa mwanamume au mwanamke. Mimi nilijua, nikanyamaza. Mimi, Melchor, ambaye hata misa haininyamazishi!

Mtoto alitoka kichakani akimwita mama yake, na mama akaitika kutoka ng'ambo ya korongo. Nilimsikia. Nikampakia mtoto mbele ya tandiko langu, nikaondoka. Tulipofika nilimharakisha kanisani nikawa baba yake wa ubatizo, kwa kuwa niliijua kanuni yetu: aliyebatizwa harudishwi kwa wasiobatizwa. Maji matakatifu niliyafanya kufuli.

Sasa watu wake wamefanya amani nasi. Wamepiga kambi karibu na ngome, na kila Jumatatu huja kupokea posho ya mahindi, nyama na tumbaku. Mwezi wa Agosti mama yake alikuja pamoja nao. Mkalimani wetu Blas, aliyekulia mateka kwao, alimwambia kuwa mimi ndiye niliyembatizisha mtoto wake, akamweleza desturi yetu kwamba anayemsimamia mtoto ubatizoni huwa ndugu wa wazazi wake. Tangu siku hiyo mama yule ananiita ndugu.

Askari wamepata mchezo. "Don Melchor, toka! Ndugu yako kaja, na leo kachana nywele!" Wanacheka mpaka wanashika ukuta.

Yeye hacheki. Jumatatu iliyopita aliisukuma posho, akasema, "Ndugu, nyama yenu nimeshaila. Mtoto wetu yuko wapi?"

"Mwambie analelewa vizuri," nikamwambia Blas.

"Sijauliza analelewaje. Nimeuliza yuko wapi."

Nimewashinda mawakili watatu kwa maneno, dada. Mbele ya mwanamke huyu nilitazama buti zangu.

"Mjibu mwenyewe, bwana," Blas akaninong'oneza. "Mimi nimechoka kuutafsiri uongo wako."

Nilikwenda kwa padre. Akanifungulia nakala ya waraka wangu, akanisomea maneno yangu mwenyewe, kisha akasema nimemfundisha vema, mtoto harudi. Kapteni wa ngome naye anasema hawezi kumlazimisha mtu amtoe msichana aliyebatizwa, ila mwenye nyumba akimwachia kwa hiari, yeye hataona kitu. Basi limebaki kwako.

Najua utakachojibu. Anajua sala, anashona, anavaa viatu, mnampenda. Hoja hizo zote nilizitunga mimi, tafadhali usinirudishie. Kama mnampenda, mwambieni kwamba mama yake yu hai, halafu mwulizeni anataka nini. Tena mwulizeni nyumbani, padre asiwepo.

Barua hii inaletwa na Cosme Barraza, mwenye nyumbu, aliyefuatana na mkewe, mama mwenye huruma. Watakaa Durango siku kumi. Gertrudis akitaka kuja, yupo wa kumfunika blanketi njiani.

Gavana nimemwandikia waraka wa pili kuukana wa kwanza. Hautamfufua mtu.

Nisalimie sana Shemeji Anselmo na mpwa wangu Leandro. Na kwa binti yako Rufina, anayelala kitanda kimoja na Gertrudis, niombee msamaha. Najua namwondolea dada. Nicolasa anakusalimu. Mungu akupe usingizi ambao mimi sina haki ya kuuomba.

Lolote utakaloamua, Jumatatu ijayo nitamjibu mama yule. Nitautaja mji, nitautaja mtaa, na nitalitaja jina lako. Ni mwendo wa siku nyingi kwa miguu, lakini atakuja. Akigonga, mfungulie.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na nikuoneaye haya,

Melchor